Maswali yenu: Nilisaini tu, sasa korti inaniita

SWALI: Salaam mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 58, niko Arua nauza vitenge. Mtoto wa dada yangu alifungua kampuni ya spea za boda huko Kampala, akaniambia mama mdogo njoo uwe dairekta mwenzangu nataka mtu wa ukoo asiyeweza kuniibia, basi nikasaini. Wakati mwingine alikuwa anakuja na kitabu cha cheki nasaini zote pale mezani tukinywa chai, hazijaandikwa kitu. Mwaka jana kampuni imekufa na madeni, korti ikaweka mfilisi, sasa nimeletewa samansi niende kuulizwa maswali kwa kiapo. Mimi sijala hata shilingi. Naweza kukataa? Nikisema sijui chochote si yataisha? Kiingereza changu pia ni cha kuungaunga.

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Kwanza hiyo si kesi ya jinai, hujashtakiwa. Mfilisi, yaani mtu aliyewekwa na korti kukusanya mali ya kampuni iliyokufa ili wanaodai walipwe, amekuta kampuni iko tupu na watu wanadai, kwa hiyo anauliza waliokuwa ndani mali ilienda wapi, na sheria yetu ya ufilisi ya 2011 (ilianza kutumika 2013, ikarekebishwa 2022) inampa nguvu hiyo, yeye na Ofisho Risiva, ofisa wa serikali wa mambo ya ufilisi pale URSB (ofisi ya kusajili makampuni), ambaye kazi yake moja ni kuchunguza madairekta wa kampuni zilizofilisika, wa sasa na wale walioshatoka.

Kukataa, hapana. Ukipuuza samansi korti inaweza kutoa waranti ukaletwa na polisi, halafu hapo ndio utaonekana mwizi bure.

Watu wananiambia lakini Katiba inasema mtu halazimishwi kujishuhudia. Kweli, iko kifungu cha 28(11), ila kisome vizuri, kinamzungumzia mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimetoka, walishabishana hili: Robert Maxwell, tajiri wa magazeti, alikufa 1991, kampuni zake zikaanguka, hela za pensheni za wafanyakazi hazionekani, mwanawe Kevin akakataa kuwajibu wafilisi akisema majibu yatamfunga. 1992 mahakama ya rufaa ikamwambia hapana, utajibu. (Jinai yake ilikuja baadaye, 1996 akaachiwa.) Hiyo haiifungi korti yetu, lakini inakuonyesha hao wanaouliza wanavyofikiri. Kwa hiyo kama kuna swali unaona linanuka jinai usinyamaze tu, mwambie loya wako asimame aseme mbele ya jaji, na loya mtafute sasa hivi si asubuhi ya siku yenyewe.

Sasa hiyo ya "sijui chochote". Mama hapa nitakuwa mkali kidogo. Jina lako liko kwenye Fomu 20, ile ya kuandikisha madairekta, saini yako iko kwenye cheki, na sheria ya makampuni ya 2012 inamtaka dairekta awe na uangalifu, haina dairekta wa chai. Watakuwekea cheki moja mbele yako wakuulize hii saini ni ya nani. Ukisema si yangu umedanganya kwa kiapo, na hilo sasa ndilo kosa la jinai. Sema ulivyoniambia mimi: ni yangu, nilisaini ikiwa tupu, aliyeijaza ni fulani, ilikuwa nyumbani kwangu. Inaumiza lakini ni kweli na mfilisi ana pa kuanzia. Usilolijua sema silijui, usikisie tarehe wala hela ili uwafurahishe.

Kabla ya kupanda basi kusanya karatasi zote, risiti, barua za benki, hata zile zilizofungiwa vitenge. Meseji za WhatsApp za mtoto wa dada yako usifute hata moja. Yeye mwambie umeitwa, sio siri, ila msikae kupanga majibu, kwa sababu kila mmoja anaweza kuulizwa peke yake halafu maneno yanalinganishwa. Na kama kuna kitu cha kampuni alikupa, pikipiki au friji au kakiwanja, kitaje mwenyewe, maana sheria inaweza kurudisha mali iliyopewa ndugu wakati kampuni inazama.

Kiingereza kisikutishe. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba ingawa kortini huwezi kuiona hiyo, lakini wakalimani wapo, loya wako amwandikie msajili wa korti mapema kwamba utajibu kwa Kiswahili au Kilugbara. Na swali usilolielewa usiitikie "yes" kwa adabu, omba lirudiwe.