Jibu: Historia kwa mtoto wa miaka 7 anayesomea nyumbani, nianzie wapi?

Habari dada. Umesema mlianza na Misri ya kale, na wiki ya pili tu binti anapiga miayo na kukuuliza kama Farao alimjua bibi yake. Nilikwama hapohapo na wangu.

Usibadilishe kitabu kwanza. Angalia kama anaelewa "zamani" ni nini. Wangu alidhani kila kilichopita kilitokea jana. Nikachukua kamba, nikaitia alama ya kalamu kila sentimita moja, kila alama mwaka mmoja. Alama 7 za kwake, tukaendelea hadi mwaka aliozaliwa bibi. Haikufika hata mita. Nikamwambia Piramidi Kuu ya Giza ina miaka kama 4,500, yaani mita 45 za kamba! Tukatoka nje kuzipima kwa hatua. Alichoka, lakini swali la Farao na bibi halikurudi.

Baada ya hapo mpeleke kwa bibi mwenyewe na maswali matatu, au mpe picha ya zamani akuambie anaona nini na amejuaje. Hilo "umejuaje" ndilo somo lenyewe. Misri irudi baadaye, kwa hadithi: unamsomea dakika 15, anakusimulia kwa maneno yake, anachora. Tarehe za kukariri achana nazo kwa sasa.

Akifika umri wa mitihani, waulize wenye watoto wakubwa. Wangu bado ana miaka 9.