Mafuta ya Mbio Ndani ya Gari la Turbo: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja: petroli yenye okteni ya juu, hasa ile ya mashindano, katika magari ya turbo.

Swali (Nakuru): Nina Subaru Forester ya turbo iliyoagizwa kutoka Japani. Jamaa yangu anayeshiriki mbio za magari ananishauri nitie mafuta ya mbio yenye okteni zaidi ya 100. Je, gari litapata nguvu?

Jibu: Ndugu msomaji, fungua kwanza kifuniko cha tangi utazame kibandiko kilichomo. Forester za turbo zilizoundwa kwa soko la Japani huwa na maandishi ya Kijapani yanayoagiza petroli ya daraja la juu isiyo na risasi. Nchini humo daraja hilo halitakiwi kupungua okteni 96, na vituoni mara nyingi huuzwa likiwa karibu na 100, ilhali petroli ya kawaida huanzia 89. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gari lako ilipangwa kwa mafuta ambayo si rahisi kuyapata kwenye pampu zetu, na hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Okteni haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, bali hupima jinsi mafuta yanavyostahimili kubanwa na joto bila kujilipua. Turbo hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda, pistoni huibana zaidi, na joto hupanda. Mafuta yasiyostahimili hulipuka yenyewe pembeni mwa silinda kabla mwali ulioanzia kwenye plagi haujayafikia. Huko ndiko kugonga kwa injini. Kukisikika, mlio wake hufanana na changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, lakini mara nyingi dereva hasikii chochote kwa sababu ya kelele za barabara na ekzosi. Anayesikia ni sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini, na kompyuta huchelewesha cheche ya plagi mara moja ili kuiokoa injini. Nguvu hupungua, na joto la ekzosi huongezeka. Kugonga kukiendelea, pistoni ndiyo huumia: injini za Subaru za aina ya EJ25 zenye turbo zinajulikana kwa kuvunjika kuta nyembamba za pistoni zilizo baina ya ringi.

Kwa hiyo, ikiwa injini yako inachelewesha cheche kwa sababu mafuta ni hafifu, okteni ya juu itakurudishia nguvu uliyokuwa ukiipoteza. Ikishafikia kikomo kilichopangwa ndani ya kompyuta, hata okteni 110 haitaongeza kitu, na fedha zako zitakuwa zimepotea. Kabla ya kununua chochote, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mpande nalo mlima kwa gia ya tatu, naye asome marekebisho ya kugonga, yaani nyuzi ambazo kompyuta inachelewesha cheche, turbo inaposukuma kwa nguvu zote. Yakitulia kwenye sifuri, mafuta uliyonayo yanatosha. Yakishuka hadi -1.4, kisha -2.8, na hali hiyo ikajirudia kila mnapokanyaga mafuta, basi injini inalalamika na inastahili mafuta bora.

Swali (Dar es Salaam): Fundi wangu anasema nichanganye petroli na mafuta ya ndege ndogo kwa kuwa yana okteni 100 na hayana taka. Ni salama?

Jibu: Usifanye hivyo. Mafuta anayoyasema, yale ya rangi ya buluu yaitwayo 100LL, yanaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi huifunika sensa ya oksijeni na kuiua katalitiki, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Sensa ikishadanganyika, kompyuta haijui tena kama mafuta yanayoingia yanatosha hewa inayosukumwa na turbo. Mafuta yakipungua chini ya msukumo huo, injini hugonga, yaani unaishia kwenye balaa lile lile ulilokuwa ukilikimbia.

Lipo pia jambo lililo zito kuliko injini. Risasi hudhuru ubongo wa watoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa kwenye petroli, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimetekeleza. Kuirudisha mitaani kupitia ekzosi ya gari la kifahari ni kosa ambalo siwezi kulinyamazia. Baadhi ya mafuta ya mbio nayo yana risasi, hivyo soma maelezo ya pipa kabla ya kulipa.

Swali (Mombasa): Nikipanda Nairobi, je, okteni inayohitajika hupungua?

Jibu: Kwa gari lisilo na turbo, ndiyo, kwa sababu shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko la pwani. Turbo hulifidia pengo hilo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Usitegemee nafuu kubwa.

Swali (Kampala): Nimesikia kwamba magari ya Formula 1 yalitumia toluini, kiyeyusho kilichomo pia kwenye baadhi ya thina. Nikichanganya thina ya rangi kwenye tangi, sitapata matokeo kama hayo?

Jibu: Habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 1988 injini ya Honda ya V6, lita 1.5 yenye turbo, iliiwezesha McLaren kushinda mashindano 15 kati ya 16, na mafuta yake yalifikia toluini asilimia 84. Asilimia 16 iliyobaki ilikuwa heptani, ambayo okteni yake ni sifuri, iliyotiwa makusudi ili mchanganyiko usivuke kikomo cha okteni 102. Toluini ilipendwa kwa sababu ni nzito: sheria iliruhusu lita 150 tu kwa shindano, hivyo kila lita ilipaswa kubeba nishati nyingi iwezekanavyo. Lakini haigeuki mvuke kwa urahisi, na wahandisi walilazimika kuyapasha moto mafuta kabla hayajaingia kwenye injini.

Wewe huna mtambo huo, na thina ya dukani huchanganywa na viyeyusho vingine vinavyoweza kuharibu mabomba ya mpira na sili za mfumo wa mafuta. Mvuke wake pia ni sumu.

Swali (Houston, Marekani): Huku pampu ya petroli ya daraja la juu imeandikwa 93. Je, ni hafifu kuliko 95 ya nyumbani?

Jibu: Hapana. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili vya okteni, ilhali Afrika Mashariki hutumia kile kilicho kikubwa kati ya hivyo. Hiyo 93 yako ni takriban 98 huku.

Swali (Arusha): Kompyuta ya gari langu imepangwa upya kwa mafuta ya mbio. Yakiniishia njiani nifanyeje?

Jibu: Tia petroli bora iliyopo na uendeshe polepole bila kuiamsha turbo, usipite magari mengine kwa pupa wala kukanyaga mafuta mlimani, hadi fundi airudishe kompyuta kwenye mpangilio wa petroli ya kawaida. Mwambie pia akuwekee mipangilio miwili unayoweza kuchagua mwenyewe, na usilichukue gari gereji kabla hajakuonyesha jinsi ya kuibadilisha.