Jibu: Mdogo wangu yuko jeshi la Marekani, amedhulumiwa. Je, nimwandikie kamanda wake?

Pole sana, kaka. Nimeisoma habari yako mara mbili. Mdogo wako yuko mwaka wa pili jeshini, amekupigia usiku akilia, akasema sajenti wa kikosi chake alimwingilia kwa nguvu juzi, kisha akakata simu. Nawe uko Nakuru, umeshapata barua pepe ya kamanda na barua umeiandika, umebakiza kuituma tu.

Usiitume. Barua kama hiyo iliwahi kuandikwa kwa ajili yangu.

Niliingia jeshini kama wengi wetu: grini kadi mkononi, uraia na karo ya chuo vikiningoja mbele. Nilikuwa mtunza stoo. Aliyenidhulumu ndiye aliyekuwa akinipangia zamu. Nilimwambia binamu yangu peke yake, naye kwa uchungu akamwandikia kamanda. Jumatatu nikaitwa ofisini nikiwa bado na glavu za kazi, sijui naitiwa nini. Swali la kwanza lilikuwa kama nilikuwa nimekunywa. Mchana nilipoingia kula, meza nzima ya wenzangu ilinyamaza, ukasikia vijiko tu. Binamu hakuwa na nia mbaya, lakini aliniamulia jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliamua.

Kanuni ziko hivi. Mkubwa wa jeshi akishapata habari ya ubakaji, analazimika kuipeleka kwa wapelelezi, mwathiriwa atake asitake. Ila mdogo wako ana njia mbili. Akienda kwa mratibu au mtetezi wa waathiriwa wa ofisi inayoitwa SHARP, inayoshughulikia dhuluma za kingono jeshini, au kwa daktari wa jeshi, anaweza kuandikisha ripoti ya siri: anatibiwa, anapata mshauri na ushahidi wa mwilini unachukuliwa, bila kamanda kuambiwa jina lake. Au aandikishe ripoti ya wazi, uchunguzi uanze. Ya siri anaweza kuigeuza kuwa ya wazi siku yoyote akipata nguvu. Ya wazi hairudi kuwa ya siri. Kwa hiyo barua yako inaweza kuanzisha uchunguzi ambao yeye hajauamua. Kasisi wa jeshi naye hatoboi siri, ila si yeye anayeandikisha ripoti, na wengi huchanganya hapo.

Kwa kuwa ni juzi tu, kuna jambo la haraka. Mwambie, kama bado, asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende vilevile. Mimi nilioga mara tatu usiku ule nikadhani nimejimaliza, kumbe daktari bado alikuwa na mengi ya kuangalia: dawa za kuzuia maambukizi na mimba, na michubuko ya kupigwa picha. Simu ya msaada ya jeshi ni 877-995-5247, saa zote, na halazimiki kutaja jina.

Ana haki pia ya wakili wa bure anayemtetea yeye, si kamanda wala serikali. Amwombe kabla hajahojiwa na mpelelezi yeyote. Mimi sikujua, nikahojiwa saa nne peke yangu kwa Kiingereza cha kutetemeka. Na kama alikunywa pombe kabla ya umri au alitoka bwenini bila ruhusa usiku ule, asiogope kusema: sasa makosa madogo ya namna hiyo hayatakiwi kumletea adhabu kwa sababu ameripoti. Uraia je? Kuripoti hakufuti maombi yake. Wakora hupenda kuwatisha wageni kwa karatasi.

Najua utauliza kama haki itatendeka. Sitakudanganya, yangu haikufika mahakamani. Lakini mambo yamesogea tangu kisa cha Vanessa Guillén, askari wa miaka 20 aliyeuawa kwenye kambi ya jeshi ya Fort Hood, Texas, mwaka 2020. Jeshi lenyewe lilikuja kukiri kwamba kabla ya kifo chake alinyanyaswa kingono na mkubwa wake, jambo likaripotiwa, viongozi wasichukue hatua. Dada zake walipiga kelele mpaka Washington. Tangu 28 Desemba 2023, uamuzi wa kushtaki ubakaji si wa kamanda tena, ni wa waendesha mashtaka maalumu walio nje ya kikosi. Zamani yule aliyekunywa chai na mtuhumiwa ndiye aliyeamua kama ashtakiwe.

Kazi yako wewe ni ndogo kuliko unavyotaka, na ni ngumu. Akipiga, mwambie unamwamini. Usimuulize alivaa nini, wala kwa nini hakupiga nduru. Muulize, "Unataka nifanye nini?" Akisema hataki chochote, kaa naye kwenye laini hata kama hamsemi.

Na usifute chochote. Meseji za WhatsApp, sauti alizotuma, saa alizokupigia, vyote viweke. Miaka mitano baadaye, nilipodai fidia ya ulemavu kwa idara ya maveterani, sikuwa na hukumu ya mahakama. Nilikuwa na sauti ya sekunde 40 niliyomtumia dada yangu Kitale, nikisema "siwezi kurudi pale stoo," na maelezo aliyoandika dada mwenyewe, yakatafsiriwa. Barua na ujumbe kwa ndugu hukubaliwa kama ushahidi. Tena hospitali za idara hiyo hutibu majeraha haya bure hata kama askari hakuwahi kuripoti popote, awe mwanamke au mwanamume. Wanaume pia wapo; kwenye kundi letu la waathiriwa, lililokutana Alhamisi, walikuwa wawili.

Kuhusu mama, usimwambie mpaka mdogo wako aseme. Najua anakuuliza kwa nini binti hapigi. Mwambie ana mazoezi.

Na simu usiizime usiku. Saa tisa ya usiku kwenu, kule anakuwa ametoka kazini, amefunga mlango, yuko peke yake.