Maswali Yenu Kuhusu Safari ya Mediterania: Tazama Njia Kabla ya Kutazama Meli

Katika toleo lililopita nilisimulia kwa ufupi safari yangu ya meli ya kitalii iliyoanzia Barcelona na kuishia Istanbul, ikapitia Marseille, Civitavecchia, Naples, Valletta ya Malta, kisiwa cha Santorini, Piraeus iliyo bandari ya Athens, na Kuşadası ya Uturuki, na nikasema kwamba meli yenyewe, pamoja na mabwawa na taa zake, haikunivutia hata nusu ya vile zilivyonivutia bandari. Barua zilizofuata, nyingi kutoka hapa hapa Mombasa, ni zaidi ya zinavyoweza kuingia katika kurasa hizi, kwa hiyo nimechagua maswali yaliyojirudia. Wale walioniuliza ni kampuni ipi iliyo bora waniwie radhi, kwani naona swali hilo limetangulizwa mbele ilhali mahali pake ni nyuma: meli kubwa hufanana sana kwa ndani, lakini njia mbili zenye nauli moja zaweza kuwa safari mbili zisizofanana kwa lolote.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tudor, na ningependa kumpeleka mke wangu katika safari kama hiyo. Wakala amenionyesha safari inayoanza na kuishia Piraeus, akaniambia kwamba viza moja ya Schengen yatosha kwa kila kitu. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kukuacha gatini huku meli ikiondoka. Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta na Ugiriki zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, na Kroatia nayo iliingia tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza moja hukupitisha katika nchi hizo zote. Uturuki na Montenegro hazimo, na kila moja ina masharti yake kwa mwenye pasipoti ya Kenya. Meli yako ikitoka Piraeus, ikaenda Kuşadası na kurudi Ugiriki, utakuwa umetoka Schengen na kuingia tena, na hapo viza ya kuingia mara moja tu itakuwa imekwisha kazi yake. Safari yangu ilitoka Schengen mara moja tu, mwishoni, ndiyo maana sikuhitaji zaidi; ya kwako ikigusa Uturuki yahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na jambo hilo liandikwe katika maombi tangu mwanzo, pamoja na kuambatisha ratiba ya meli inayoonyesha kila bandari na tarehe yake.

Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na iwapo siku zinalingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Msafiri wa meli hulazimika kuhesabu siku hizo kwa makini, kwa maana ratiba iliyoanzia Uhispania yaweza kuwa na siku nyingi zaidi za Italia. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15 kabla yake, lakini mimi nakushauri uende mapema kadiri unavyoruhusiwa, hasa ukikumbuka kwamba alama za vidole hutolewa ana kwa ana na kwamba wengi wetu wa Pwani hulazimika kupanda treni hadi Nairobi kwa ajili hiyo. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen, na bima ya safari isipungue euro 30,000 kwa matibabu. Usilipe nauli yote ya meli kabla ya kujua masharti ya kurudishiwa fedha ukikosa viza. Wakala akikosa jibu lililoandikwa kuhusu hilo, tafuta wakala mwingine.

SWALI: Assalam aleikum Bi Mwandishi. Mimi na dada zangu twaishi Mji wa Kale na twavaa nikabu. Twatamani sana safari hii, lakini twaogopa habari za sala na za chakula. Ulifanyaje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Sala haikuwa ngumu, ila ilinitaka nifikiri jambo ambalo nyumbani hatulifikirii. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo sisi huelekea kaskazini moja kwa moja na kumaliza. Huko, kibla kinahama kadiri meli inavyokwenda: Barcelona ni mashariki kwa kuelekea kusini kidogo, Piraeus ni kusini-mashariki barabara, na ukifika Istanbul umeshageukia karibu na kusini. Tena meli inapokata kona, chumba chako nacho hugeuka pamoja nayo. Dira ya simu husumbuliwa na chuma cha meli, kwa hiyo mimi nilitegemea ramani inayoonyeshwa katika televisheni ya chumbani, yenye mahali meli ilipo na upande inakoelekea, kisha nikapiga hesabu kutoka hapo. Ruhusa ya msafiri ya kufupisha na kukusanya sala ilinifaa sana siku za kushuka pwani. Maelezo yake ya kifiqhi nawaachia masheikh wa mtaani kwenu, ambao watawajibu vizuri kuliko mimi.

Saa zenyewe ndizo za kuangaliwa zaidi. Mwishoni mwa Juni jua la Barcelona hutua karibu saa tatu na nusu usiku, na Isha husogea hadi saa tano na zaidi, halafu Alfajiri haikawii. Aliyezoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu ataona kwamba chakula cha jioni cha melini kinamalizika kabla ya jua kuzama. Septemba hali hiyo hupungua sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuupendelea mwezi huo.

Kuhusu nikabu nitasema wazi ili msishtukizwe. Ufaransa ina sheria, inayotekelezwa tangu Aprili 2011, inayokataza kufunika uso hadharani, na faini yake ni hadi euro 150. Ikiwa njia yenu inapita Marseille, amueni mapema: mbaki melini siku hiyo, au mchague njia isiyogusa Ufaransa, na zipo nyingi. Mtandio na buibui havina tatizo huko mitaani. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro, Vatikani, ambako wageni hurudishwa mlangoni kwa kuacha mabega na magoti wazi, nilipita bila kuulizwa neno.

Chakula chataka barua kabla ya safari. Kampuni kadhaa huandaa nyama halali zikiarifiwa wiki nyingi mbele, nyingine haziandai kabisa, na jibu la "tutaangalia" lichukulieni kuwa ni hapana. Melini, siku ya kwanza, nilimwendea msimamizi wa ukumbi wa kulia, si mhudumu wa meza, nikamweleza kwamba sili nguruwe, sitaki mvinyo katika mchuzi, na samaki wangu asikaangwe katika mafuta ya nyama nyingine. Tangu hapo niliandaliwa samaki wa kuchoma na mboga bila manung'uniko. Peremende za jelatini na keki zilizonyunyiziwa pombe ndizo mtego, kwa sababu hazina sura ya kutiliwa shaka. Mkishuka Uturuki mtakula bila wasiwasi, na Marseille penyewe, mtaa wa Noailles ulio karibu na bandari ya zamani una wauzaji wengi wa vyakula vya halali kutoka Afrika Kaskazini. Cha kuchekesha ni kwamba wali wa melini ulinishinda kuliko yote hayo. Hauna chumvi wala nazi, na hakuna wa kulaumiwa.

SWALI: Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini na magoti yake yanamsumbua. Kaka zangu wanasema meli ndiyo safari inayomfaa mzee kwa sababu atakuwa amekaa tu. Wewe waonaje? Msomaji wa Nyali.

JIBU: Kaka zako wamesema kweli kuhusu meli na wamekosea kuhusu bandari. Melini kuna lifti kila upande na viti kila mahali. Shida huanza mguu ukigusa nchi kavu, na hapa ndipo njia inapoamua kila kitu.

Santorini sikushauri kwa mama. Meli kubwa haziwezi kufunga gatini pale; hutia nanga katikati, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo hadi bandari ya zamani iliyo chini ya jabali. Kutoka hapo hadi mji wa Fira kuna njia tatu: ngazi zinazokaribia 600, punda, au gari la kamba, ambalo foleni yake, meli kadhaa zikifika pamoja, yaweza kula saa nzima chini ya jua. Aidha, tangu Julai 2025 Ugiriki hutoza abiria wa meli euro 20 kwa kushuka katika kisiwa cha Santorini au cha Mykonos katika msimu wa kilele. Mandhari ya juu ni mazuri kweli, sikatai, lakini mama anaweza kuyatazama kutoka sitahani akiwa na kikombe chake cha chai.

Valletta ni kinyume chake. Meli hufunga chini ya kuta za mji, na tangu 2012 kuna lifti yenye urefu wa meta 58 inayokupandisha hadi bustani za Barrakka, ambako utaiona bandari yote. Akropoli ya Athens nayo haimfungii mlango mwenye magoti mabaya, kwani lifti ya watu wasioweza kupanda ilizinduliwa mwishoni mwa 2020. Ulizeni utaratibu wake kabla ya kwenda, mwende asubuhi mapema, na mkumbuke kwamba joto linapozidi wakati wa kiangazi serikali huifunga Akropoli saa za mchana. Efeso, mji wa kale ulio kama kilomita 20 kutoka Kuşadası, una barabara ya marumaru inayoteremka, kwa hiyo dereva awashushe lango la juu na kuwangoja lango la chini. Pompeii, magofu ya mji wa kale karibu na Naples, ni mawe makubwa yasiyo sawa na kivuli kidogo sana. Mtu wa magoti atachoka kabla ya kuifikia hata nusu yake.

Kuhusu Roma, matangazo husema meli inafika Roma, lakini inafika Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini, umbali unaozidi ule wa kwenda Kilifi kutoka hapa. Katika siku ya saa kumi, tatu au nne huishia njiani. Chagueni kitu kimoja, ama Koloseo ama Vatikani, mkate tiketi mapema, na msijaribu vyote viwili pamoja na mama. Mkienda kwa treni au teksi yenu wenyewe, rudini muda wa saa mbili kabla ya meli kuondoka, kwa kuwa meli huwangoja waliokwenda kwa basi la kampuni na huwaacha wengine.

SWALI: Tumeoana karibuni, twaishi Changamwe, na tumeona tangazo la bei nafuu sana. Je, bei hiyo ndiyo yote?

JIBU: Hongereni, lakini siyo. Bei hiyo kwa kawaida ni ya mtu mmoja, kwa sharti la kuwa wawili chumbani, na chumba chenyewe ni cha ndani kisicho na dirisha. Ongezeni tiketi za ndege, viza, bima, kodi za bandari ikiwa hazikutajwa, vinywaji, matembezi ya pwani, na bakhshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi hujikatia zenyewe kila siku, mara nyingi dola kumi na kadhaa kwa kila mtu. Simu iwekeni katika hali ya ndegeni mara tu meli ikiondoka, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa melini hutoza kwa bei ambayo sitaki kuiandika hapa. Fikeni mji wa kuanzia siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haitawangoja, na kuifuata bandari ya pili ni gharama yenu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Likoni na hata feri hunichafua moyo siku za kusi. Je, Mediterania ni tulivu?

JIBU: Ni tulivu kuliko bahari yetu, kwa kiasi. Imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu mahali penye wembamba zaidi, hivyo mawimbi marefu ya bahari kuu hayaingii kwa urahisi, na hata kupwa na kujaa kwa maji ni kudogo sana. Bamvua la Mombasa lingewashangaza watu wa huko. Lakini pepo wanazo. Mistral huvuma kutoka nchi kavu ya Ufaransa hadi Ghuba ya Lion, na Meltemi hushuka kutoka kaskazini katika Bahari ya Aegean, hasa Julai na Agosti, kwa nguvu inayoweza kumfanya nahodha airuke Santorini au Mykonos kwa kuwa mashua haziwezi kuteremsha watu salama. Wewe nenda Mei au mwishoni mwa Septemba, uombe chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli, kwa maana omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Tangawizi husaidia wengi, na dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya bahari kuchafuka. Inunue kwa mfamasia wako hapa nyumbani, kwa kuwa zahanati ya melini hutoza ada kubwa, na risiti yake uihifadhi kwa ajili ya bima endapo utalazimika kwenda.