Turubai la ubavuni kwa HiAce ya kwanza ya kambi: angalia jua na upepo kabla ya ukubwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umenunua HiAce ya paa la chini, umeiwekea kitanda na jiko dogo, na sasa unatafuta kivuli cha kufunga ubavuni kwa safari za familia katika mbuga za Kaskazini na pwani ya Tanga. Unashindwa kuamua kati ya turubai la kuvuta linalokunjwa ndani ya mfuko, lile la kuzungusha kwa mkono linaloingia ndani ya kasha la alumini, bawa kubwa linalozunguka ubavu na nyuma ya gari, na hema linalosimama lenyewe kando ya mlango. Kwa njia ulizozitaja, na kwa kuwa hili ni gari lako la kwanza, ningekushauri uchukue la kuvuta, lenye upana wa mita 2.5 na kutoka nje mita 2, kisha fedha itakayobaki uitumie kwenye mabano, kamba, vigingi na ukuta mmoja wa kitambaa.

Naanza na jua, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wanunue turubai kubwa kuliko wanalohitaji. Adhuhuri jua letu huwa karibu na utosi, na mita 5 za mraba zinawatosha watu wanne na meza. Shida huja alasiri. Mnamo saa kumi, Arusha, jua limeshuka kiasi kwamba kivuli cha kitu kilichoinuliwa mita 2 kinasogea takriban mita 2.5 kuelekea mashariki. Ukiegesha gari huku mlango wako ukitazama magharibi, kivuli chote cha turubai kitaangukia kwenye ubavu wa gari, na viti vitabaki juani hata kama turubai limekunjuliwa lote. Ukiligeuza gari mlango ukatazama mashariki, gari lenyewe, ambalo kimo chake ni karibu mita 2, litakupa kivuli cha kutosha, na turubai litakirefusha tu. Mlango wa kuteleza wa HiAce yako uko kushoto, kwa hiyo kanuni ya alasiri ni nyepesi: pua ya gari ielekee kusini. Asubuhi jua litaingia moja kwa moja mnapokunywa chai, jambo ambalo kwenye ukingo wa Ngorongoro, pale kambi ya Simba, utalishukuru kwa sababu ya baridi. Ukuta mmoja wa kitambaa unaoning'inia upande wa jua utakusaidia zaidi ya kuongeza mita nyingine ya paa.

Upepo ndio unaopaswa kuamua aina ya turubai, na hapa naomba usome kwa makini. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne, na turubai lililokunjuliwa ni tanga ambalo mlingoti wake ni keria ya gari lako. Kandokando ya Ziwa Natron nimekaa kwenye utulivu mtupu mchana kutwa, kisha jioni upepo ukashuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kwa nguvu ya kung'oa vigingi vilivyokuwa imara saa moja kabla. Tambarare za vumbi kuelekea huko zina kisulisuli pia, ambacho hatari yake ni kwamba huja saa za joto kali, wakati hakuna anayefikiria kufunga kamba. Pwani hali ni nyingine: upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, huvuma mfululizo kutoka kusini na kusini-mashariki, na haukupi nafasi ya kusubiri utulie. Kwa hiyo kule Pangani kanuni ya jua niliyokupa inashindwa na upepo. Geuza gari ili bodi likinge kusi, ukubali jua la alasiri upande wa mlango, na hapo ndipo ule ukuta wa kitambaa unapolipa gharama yake.

Turubai la kuvuta lina faida kwenye hali zote hizo kwa kuwa miguu yake inasimama ardhini, kila kona ina kamba, na watu wawili wanaweza kulikunja kwa dakika chache upepo ukibadilika. Mabawa ya kuzunguka yanapendeza, na baadhi yake huuzwa kwa sifa ya kusimama bila miguu, lakini nimeona kambini bawa la namna hiyo likipinduliwa juu ya paa na upepo mmoja tu, mikono yake ikapinda, mwenye gari akiwa amesimama hatua mbili pembeni. Lina uzito mkubwa pia, na uzito wote umeegemea upande mmoja wa keria. Kwa HiAce kuna kikwazo kingine: mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, kwa hiyo bawa linalozunguka hadi nyuma lazima lifungwe juu ya kutosha ili mlango usiligonge. Kama bado unalitaka, fungua mlango huo kikamilifu, pima mahali ukingo wake unapofika, na uhakikishe kwamba unanunua la kushoto, kwa kuwa mabawa hutengenezwa ya kushoto na ya kulia.

Lile la kasha la alumini limetengenezwa vizuri na hufunguliwa kwa raha, na kwa mtu anayezunguka Ulaya kwenye lami nisingempinga. Mikono yake ina springi na viungo vingi. Barabara zetu za changarawe, zile zenye matuta membamba yanayofanana na bati la paa, hutikisa kila kiungo kwa saa nyingi mfululizo, na kiungo kikilegea ukiwa Loliondo hakuna duka la vipuri karibu. Turubai la kuvuta likivunjika mguu, fundi yeyote wa kuchomelea atakukatia bomba jingine.

Hema linalosimama lenyewe limebuniwa kwa ajili ya mtu anayekaa kambi moja wiki nzima. Huunganishwa na gari kwa reli na kamba nyembamba inayopita ndani yake, ukitaka kutembea unalitenga na kuliacha limesimama. Kwenye kambi za Seronera, ambazo hazina uzio, hutaki kuacha hema tupu lenye harufu ya chakula wakati mmetoka alfajiri kutazama wanyama, kwa maana nyani na tumbili hawabishi hodi, na usiku fisi hupita katikati ya kambi. Watoto nao walale ndani ya gari. Hema hilo litakufaa Lushoto au ufukweni, mahali penye mlinzi, na unaweza kulinunua baadaye ukiona mnapenda kukaa mahali pamoja.

Kuhusu kitambaa, poliesta nyembamba ni nyepesi na hukauka upesi, lakini jua letu huichosha, hasa huku juu kwenye miinuko, na cheche ya mkaa huitoboa papo hapo. Turubai la plastiki nzito, lile la malori, halipitishi maji kabisa, ila chini yake huwa na joto la kukera. Mchanganyiko wa pamba na poliesta, wenye uzito wa gramu 260 hadi 300 kwa mita ya mraba, ndio ninaoupendekeza: hupumua, huvumilia jua, na haupigi kelele nyingi kwenye upepo. Likiwa jipya, lilowanishe na kulikausha mara mbili tatu kabla ya safari ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Usilikunje likiwa bichi ukalisahau, kwa sababu kuvu huanza haraka na doa lake halitoki. Kama fundi wa maturubai wa mjini kwenu atakushonea, na wapo wanaofanya kazi safi sana, mwambie ashone kila mshono mara mbili kwa uzi wa poliesta, aweke kiraka cha ziada kila penye pete ya kamba, na mfuko wa nje aushone kwa ile plastiki nzito.

Mvua ya masika na ya vuli inahitaji jambo moja tu: mteremko. Milimita 20 za mvua juu ya mita 5 za mraba ni lita 100, yaani kilo 100, na maji hayo yakipata bonde katikati ya turubai yatavunja mikono yake bila msaada wa upepo. Teremsha mguu mmoja wa kona kwa sentimita 30 hivi kabla ya kulala, hata kama mbingu ni nyeupe.

Mabano ndiyo sehemu ambayo watu huibania fedha. HiAce yako ina mfereji wa mvua pembeni mwa paa, na keria inayobana kwenye mfereji huo huhitaji angalau nguzo tatu kila upande. Mbili hazitoshi, kwa kuwa turubai linaloning'inia nje hutikisika peke yake barabarani. Usikubali fundi atoboe paa. Tumia bamba la chuma la milimita 5, bolti za milimita 8, na nati za kujifunga zenye nailoni ndani, kisha uzikaze tena baada ya kilomita mia za kwanza za changarawe. Vigingi vinavyokuja na turubai huwa vyembamba. Chonga vyako kwa nondo ya milimita 10 au 12, urefu wa sentimita 30, kwa ajili ya ardhi ngumu ya kiangazi. Kwenye mchanga wa pwani kigingi hakishiki, kwa hiyo jaza kiroba mchanga, kifunge kamba, ukifukie kwa kina cha goti.

Kabla hujalipa chochote, pima umbali kutoka ukingo wa juu wa mlango wa kuteleza hadi chini ya keria, na upime pia urefu wa keria yenyewe. Niandikie vipimo hivyo viwili hapa pamoja na picha ya nguzo za keria, nami nitakuchorea mabano yatakayolikaa gari lako bila kuzuia mlango.