Msitu wa mvua na maporomoko: usivuke bahari, panda Udzungwa

Mkuu, umeuliza ni kisiwa gani karibu na Dar mtu anaweza kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa mvua mpaka akafika kwenye maporomoko ya maji, kama zile picha za Kauai na Réunion. Visiwani kwetu hutayapata. Kauai na Réunion ni volkano zilizoibuka kutoka baharini, zina milima mirefu. Unguja na Mafia ni mawe ya matumbawe, tambarare. Mvua ikinyesha maji yanazama chini. Misitu ipo tena mizuri, Jozani kule Unguja kuna kima punju, na Ngezi kule Pemba ni msitu mnene kwelikweli. Ila maporomoko, sahau.

Unachokitafuta kiko Sanje, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Na nakuambia hutajutia kukosa kisiwa, kwa sababu Udzungwa yenyewe inaishi kama kisiwa. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayodaka unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake imezungukwa na nyika kwa miaka mingi mno hata baadhi ya viumbe wake hawapatikani kwingine popote duniani. Kuna mbega wekundu. Kuna yule ngolaga wa Sanje, aina ya kima, ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979 tu, wakati wenyeji walikuwa wanamjua siku zote.

Usafiri si tabu. Panda basi la Ifakara pale Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ukifika Mikumi mjini basi linakata kushoto, unapita Kidatu na mashamba ya miwa, unashuka Mang'ula. Treni ya TAZARA nayo inapita Mang'ula, kwa asiye na haraka. Lala hapo. Habari za kwenda na kurudi Dar siku hiyohiyo usizisikilize, utafika mlimani ukiwa umeshachoka.

Asubuhi na mapema nenda getini na kitambulisho chako cha taifa ili ulipe kiwango cha Mtanzania, upewe askari wa kukuongoza. Ndani ya hifadhi hii hakuna kuzunguka na gari kama Mikumi, ni miguu tu, na kwangu hilo ndilo linaloifanya iwe bora. Kijiji cha Sanje kiko kilomita chache kabla ya Mang'ula, kwa hiyo utarudi nyuma kwa bodaboda.

Mzunguko wa Sanje unachukua kama saa nne. Unaanza kupanda mara moja, bila utangulizi: mizizi imetambaa njiani kama ngazi, udongo mwekundu unateleza hata kiangazi, na shati linalowa jasho kabla hujafika mbali. Hapo watu wengi hukaza mwendo wawahi maji. Usifanye hivyo. Mwombe askari msimame, mkae kimya kidogo. Utaanza kusikia matawi yakipasuka juu, kisha majani yanadondoka, halafu unaona mkia mrefu unaning'inia na kichwa chekundu kinachungulia kukutazama wewe. Mbega wanakuja wenyewe ukitulia.

Maporomoko yanashuka kwa ngazi, jumla yapata mita 170. Ukiwa juu, bonde lote la Kilombero liko chini yako, miwa na mpunga mpaka macho yanakoma. Ukishuka kwenye bwawa, maji ni ya baridi ya kukata pumzi na manyunyu yanakulowesha kabla hujaingia. Ogeni, lakini sabuni na chupa za plastiki msiache; maji hayohayo ndiyo yanateremka kwa watu wa bondeni.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika mto unajaa na unapendeza sana, ila njia inakuwa matope matupu na siafu wanatapakaa. Vaa raba zenye meno, ndala acha nyumbani, na soksi ndefu uingizie suruali ndani.

Na mama mkwe wako mwenye matatizo ya magoti, uliyesema mnataka kwenda naye: kupanda anaweza kujikongoja, kushuka ndiko kutamtesa. Yeye mpeleke kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, ni madogo, yako karibu na makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula, na msitu ni uleule.