Tita, mganda au furushi la vekta?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa hisabati, kwetu Malindi. Tasnifu yangu inahusu nafasi za vekta zilizopachikwa kwenye uso changamano, moja kwa kila nukta, kwa masharti ya holomofia, yaani zibadilike kwa ulaini kutoka nukta hadi nukta kwa kipimo cha namba changamano. Kwa Kiingereza ni "vector bundle". Mwenzangu huuita mkusanyiko huo "mganda wa vekta", mimi "furushi". Nani amepatia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna.

Furushi mwachie msafiri. Limefungwa kwa kitambaa, kilichomo hakionekani. Chako wewe huonekana nukta kwa nukta. Mganda ni neno zuri ila lina mwenyewe: Waingereza wana dhana nyingine, jirani kabisa na hii, waliyoipa jina la mganda wa ngano, "sheaf". Ukiutumia hapa, kule utakosa jina. Mimi nasema tita.

Wachukuzi wa kuni hapa Lamu watanipinga: tita ukilikata kamba hubaki kijiti kimoja kimoja. Kweli, na mwaka 1957 mwanahisabati Alexander Grothendieck alionyesha kwamba juu ya tufe la Riemann, lenye kipimo kimoja tu cha namba changamano, matita ya holomofia hufunguka vivyo hivyo, yakawa jumla ya matita ya kijiti kimoja. Juu ya nyuso changamano kama zako ndipo mfano unapokwama. Chukua uso uitwao bapa la projektivu, yaani bapa la namba changamano lililoongezwa nukta za mbali mno: tita la vekta zake za mguso (zinazougusa uso kwenye kila nukta) halifunguki hata ufanyeje. Hapo mkeka ungefaa zaidi: kila ukili peke yake umenyooka, mambo yote yamo katika mshono, na holomofia ni sharti la mshono. Nilitamani kupendekeza "mkeka wa vekta", nikaogopa kuchekwa.

Sasa upatanisho, maana hapo ndipo wengi huteleza. Sema "tita la vekta la holomofia", wingi "matita ya vekta ya holomofia". Ukisema "tita la vekta ya holomofia", sifa umeitoa kwenye tita ukaibandika kwenye vekta, na hesabu yako imeshaharibika kabla hujaianza.

"Changamano" halichukui kiambishi: uso changamano, nyuso changamano. Eleza mapema kwamba uso huo una vipimo viwili vya namba changamano, yaani vinne vya namba halisi, kwani msomaji akisikia "uso" hufikiria meza. Na mpigachapa wako umchunge. Bibi yangu mmoja, nilipomsomea "nyuso changamano", alisikia "nyuso changamfu", akaniuliza harusi ni ya nani.